Hatua Ishirini na Mbili

Kazini watu wote walimwita Futi, mpaka meneja, mpaka walinzi wa getini ambao kwa kawaida hawakukubali ila jina kamili. Ni kaka yangu, wa pili kuzaliwa kwa mama yetu. Mimi ndiye kitindamimba, mpika chai wa jengo lile lile alilofanya kazi yeye, na kama kuna mtu anayemjua Futi kuanzia utosini hadi unyayoni, ni mimi. Miaka thelathini na moja alikuwa na futikamba kwenye mfuko wa shati. Ukimkaribisha kiti, kwanza anakiangalia miguu, halafu ndiyo anakaa. Mkewe alikuwa akinilalamikia kwamba picha ya harusi yao ukutani imeshushwa na kupandishwa mara tatu, eti imeinama. Haikuinama. Mimi niliiona.

Jengo lenyewe ni ukumbi mkubwa wa mikutano, wenye zulia la kijani na milango miwili inayotazamana. Nataka uielewe milango hiyo tangu sasa. Mmoja uko kulia, mwingine kushoto, katikati pana meza ndefu. Kazi ya Futi ilikuwa kuhakikisha kwamba wageni wawili wasioelewana wakiingia humo, hakuna atakayesema mwenzake amependelewa. Viti vya kimo kimoja, bendera za kimo kimoja. Glasi ya maji ikae vidole vinne kutoka ukingo wa meza, huku na huku. Toka mlango wa kulia mpaka katikati ya meza ni hatua kumi na moja, na toka mlango wa kushoto ni hatua kumi na moja. Halafu milango yote miwili inafunguliwa kwa ishara moja, sekunde moja, ili asiwepo aliyeingia kwanza. Maana ukiingia kwanza umemngoja mwenzio, na kwa hesabu zao, anayengoja ndiye mdogo. Mimi niliona ni utoto mtupu. Futi aliona ni kazi, tena kazi ya heshima.

Sasa kuna yale mataifa mawili makubwa, ambayo dunia nzima imekaa roho juu ikisubiri yatashikana mashati lini. Unayajua. Kazini tulikatazwa kuyataja kwa majina, eti kuta zina masikio, kwa hiyo jikoni kwetu yaliitwa kwa milango yao, Kulia na Kushoto. "Kushoto hawataki sukari." "Kulia wamekuja na maji yao wenyewe, sijui wanadhani tutawawekea nini." Tulicheka mpaka mbavu kuuma. Mambo yao mengine sikuyajua ndewe wala sikio, wala sikutaka.

Lakini nyumbani kwetu mambo yao yalikuwa na wenyewe.

Kaka yetu mkubwa alikuwa fundi redio, na sisi wote tulimwita Redio. Alipokuwa kijana Kushoto walimchukua mwaka mzima kwenda kusomea ufundi huko kwao. Alirudi na kisanduku cha bisibisi na koti zito la sufu, ambalo mama mmoja mwenye nyumba alimpa alipomwona anatetemeka kwa baridi. Kwa joto la kwetu koti lile lilikuwa adhabu, lakini alilitundika nyuma ya mlango wa chumba chake na ole wako ulipangusie mikono. Futi yeye hakusafiri popote. Kulia ndio waliokuja kujenga ule ukumbi, wakautoa zawadi kwa nchi, na yeye alikuwa kibarua wa kubeba mchanga. Msimamizi wao mmoja alimpenda kwa uangalifu wake, akamfundisha kupima, na siku ya kuondoka akamwachia futikamba yake. Hayo tu. Mmoja alipewa koti, mwingine alipewa futikamba, na kila mmoja akaona taifa zima limempa mkono.

Kwa miaka mingi ulikuwa utani. Redio angesikiliza taarifa ya habari, apige paja, aseme, "Umeona wenzako wanavyoaibika?" Na Futi angejibu, "Wenzangu hawana shida, wanawangoja wenzako wamalize kulialia." Mama aliwaangalia akitikisa kichwa. "Hao watu wanawajua nyinyi?" aliwauliza. "Hata jina la mtaa wenu wanalijua?"

Kisha ikaja Jumapili ile. Tulikuwa mezani kwa mama, tunakula mchana. Redio ya mama ilisema Kulia wamemfukuza balozi wa Kushoto, na Kushoto nao wamemfukuza wa Kulia. Redio akasema wenzake wameonewa. Futi akasema wameyataka wenyewe. Wakaendelea hivyo, sauti zikapanda, mimi nikajitia kukusanya sahani ili wanyamaze, wapi! Futi akasema neno ambalo hakupaswa kulisema.

"Wewe ulinunuliwa kwa koti."

Redio aliweka kijiko chini polepole sana. "Na wewe," akasema, "ni mfagiaji wa zulia la watu."

Mama alinyoosha mkono akazima redio. Ilikuwa redio aliyoitengeneza Redio mwenyewe kwa ajili yake, yenye kitufe kikubwa kwa sababu macho ya mama yalikuwa yameanza kufifia. Redio akainuka, akaichomoa ukutani, akaondoka nayo kwapani. Mama akabaki bila redio mpaka alipofariki, miaka minne baadaye. Nilimletea nyingine akasema haisemi vizuri. Kwenye mazishi yake wale wanaume wawili walisimama mmoja upande huu wa kaburi, mwingine upande ule, na ukiniuliza ni nani aliyemtazama mwenzake, nitakwambia hakuna. Nilitamani kuwapiga vibao wote wawili pale pale. Mpaka leo najilaumu kwa nini sikuwapiga.

Ikapita miaka kumi na moja kwa jumla. Wale mabalozi walisharudi zamani, kila mmoja yuko kwenye nyumba yake nzuri, lakini kaka zangu bado.

Mimi ndiye niliyekuwa katikati. Mtoto akizaliwa kwa Futi, mimi nampelekea habari Redio. Mke wa Redio akiumwa, mimi namweleza Futi. Na hawakuwa wakisema "mwambie kaka" au "mwambie mdogo wangu", hapana. Walisema "mwambie yule". Nikajifunza kutengeneza maneno. Redio akisema, "Yule mjinga bado anapima viti?" mimi nilifikisha, "Amekuulizia kazi." Futi akisema, "Aendelee kulala na koti lake," nilifikisha, "Anakutakia afya njema." Nilikuwa hodari, sitajificha. Jikoni waliniambia, Mama Chai, wewe ungefaa kuwa balozi, na mimi nikavimba kichwa.

Mwaka wa kumi na moja Redio akaanza kuvimba miguu. Daktari alisema moyo umepanuka na umechoka, na akaniita pembeni kuniambia nisimhesabie miaka, nimhesabie miezi. Redio alijua. Alinishika mkono akaniambia, "Usimwambie yule kwamba naumwa hivi. Sitaki aje kwa huruma. Akija, aje kwa sababu amenikosea." Nikaahidi. Basi nikawa nimebeba siri ya kwanza.

Nikaamua liwe liwalo, hawa watu lazima wakae pamoja. Nikaanza kwenda na kurudi. Futi akasema yuko tayari, lakini yule afute neno mfagiaji. Redio akasema yuko tayari, lakini yule afute neno koti. Nani aanze kufuta? Wafute pamoja. Wakutane kwa nani? Kwa Redio hapana, Futi hawezi kwenda mlangoni kwake, ataonekana ameomba. Kwa Futi hapana vilevile. Basi kwangu, mimi nakaa kati yao. Hapo Futi akatoa futikamba akilini mwake, akaniambia kwamba nyumba yangu haiko katikati, iko karibu zaidi na kwa Redio.

"Kwa hatua mia mbili na arobaini," akasema.

"Umezihesabu?"

"Nimezihesabu."

"Kaka, una wazimu."

"Basi yeye apitie barabara ya zahanati. Akizunguka huko zinalingana."

Mtu aliyevimba miguu azunguke kwa zahanati! Nilitaka kumpasulia pale pale, lakini nilikuwa nimeahidi. Nikampeleka kwa maneno ya kubembeleza mpaka akaikubali nyumba yangu kama ilivyo, kwa sharti kwamba waingie kwa wakati mmoja, mmoja kwa mlango wa mbele, mwingine kwa mlango wa uani. Nikampelekea Redio sharti hilo nikitarajia matusi. Alicheka mpaka akakohoa. "Huyo ni yule yule," akasema. "Haya, mimi nitapita uani." Tukapanga Jumamosi, saa nne asubuhi. Nilifua mapazia.

Jumatatu ya wiki ile ile tukatangaziwa kazini kwamba wakubwa wenyewe wa Kulia na Kushoto watakutana kwenye ukumbi wetu. Si mabalozi, si mawaziri, wakubwa wenyewe. Na siku ni Jumamosi, saa tano.

Sijawahi kuona jengo likichanganyikiwa vile. Watu wa itifaki wa pande zote walikuja na futikamba zao, wakapima alivyopima Futi, wakapima tena, wakaulizana kwa nini kiti kimoja kimezidi kwa upana wa ukucha. Mbao za meza zilipigwa msasa. Kuanzia Jumatano, watu wote wa ukumbini walifungiwa ndani, hakuna kutoka, hakuna simu, wanalala kwenye vyumba vya nyuma. Sisi wa jikoni tuliruhusiwa kwenda nyumbani jioni kwa sababu kila asubuhi tulipekuliwa kuanzia nywele. Kwa hiyo wiki ile, kati ya Futi na dunia yote, kulikuwa na mtu mmoja tu, mwenye birika la chai.

Jumatano, kabla sijatoka, Futi alininong'oneza, "Mwambie yule tuahirishe. Jumamosi ijayo. Mwambie ni kazi, si dharau."

Nilimfikishia Redio kitandani kwake. Akasema, "Wakubwa wanakutana, wadogo wameahirishwa," akatabasamu kwa uchungu, akageukia ukuta. Siku ya pili, Alhamisi, nilipitia kwake tena kabla ya jua kutua. Mkewe alikuwa amekwenda kuchukua dawa. Tulikuwa wawili tu chumbani, yeye na mimi, na koti nyuma ya mlango. Alikuwa ameegemezwa mito mitatu maana akilala chali hapumui.

"Dada," akasema, "mwambie sina masharti tena."

"Masharti gani?"

"Yote. Neno la koti nimelisamehe. Na la mfagiaji nalifuta mimi kwanza, yeye asifute kitu. Aje hapa, au mimi nibebwe kwa kiti nipelekwe kwake, mlango wowote atakaotaka. Na mwambie naumwa. Mwambie aje hata leo."

Nilimfuta jasho. Nilimwambia nitamwambia.

Sasa hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri, maana nimejizungusha miaka sita nisifike hapa.

Ijumaa asubuhi niliingia ukumbini na birika. Futi alikuwa amepiga magoti kwenye zulia, mlango wa kulia, anatia mafuta bawaba. Macho mekundu kwa kukosa usingizi. Aliniona akauliza haraka, kwa sauti ya chini, "Amesemaje?"

Na mimi nikajibu, "Amekubali Jumamosi ijayo."

Basi. Hayo tu ndiyo niliyosema. Nikammiminia chai nikaenda zangu.

Kwa nini? Nimejiuliza mara ngapi! Nilijiambia ana kazi kubwa mbele yake, nisimvuruge. Uongo. Nilijiambia wasingemruhusu kutoka. Labda ni kweli, labda angetoka wakamfukuza kazi, lakini hilo lilikuwa lake kuamua, si langu. Ukweli wenyewe ni kwamba nilimwogopa Futi mshindi. Nilijua akisikia Redio amesalimu amri, atasema mpaka kufa kwake, "Niliwaambia, alikuja mwenyewe." Nikataka kwanza Futi naye alegee kidogo, nipate neno lake moja laini, halafu nifungue milango yote miwili kwa pamoja, asiwepo aliyeshinda wala aliyeshindwa. Nilijiona nimefika. Mpika chai, nikajifanya itifaki kwa damu yangu mwenyewe! Neno la mtu anayekufa nililifungia kabatini nikisubiri lipate la kulinganishwa nalo.

Jumamosi ikafika. Saa tano kasoro, sisi wa jikoni tulijipanga nyuma ya dirisha dogo la kupitishia sahani, tunachungulia. Kamera tele. Futi alikuwa nje ya mlango wa kulia pamoja na mgeni wake, mwenzake alikuwa nje ya mlango wa kushoto. Ishara ikatolewa. Mlango wa kushoto ukafunguka, taratibu, vizuri kabisa, na mkubwa wa Kushoto akaingia, mzee mfupi mwenye suti ya kijivu.

Mlango wa kulia haukufunguka.

Ulikuwa umenyeshewa siku mbili kwa upande wa nje, mbao zimevimba, na Futi alikuwa amehangaika na bawaba akasahau mbao. Tulisikia kitasa kinazungushwa, tukasikia bega likipiga. Yule mzee wa Kushoto amesimama peke yake mbele ya dunia nzima, ndiye aliyeingia kwanza, ndiye anayengoja. Watu wake wa itifaki wakampa ishara arudi nje. Mmoja alishika kichwa. Mimi nilijua kaka yangu amekwisha.

Yule mzee akawatazama watu wake, akatazama mlango, akaanza kutembea. Alipita kiti chake, akapita katikati ya meza, akaendelea upande usio wake, hatua ishirini na mbili nzima, akashika kitasa kwa ndani, akavuta huku Futi na wenzake wakisukuma kwa nje. Mlango ukaachia kwa kishindo, na mkubwa wa Kulia nusura amwangukie kifuani. Wakashikana. Wakacheka, wazee wawili, kicheko cha kweli. Na nyuma yao, kwenye upenyo wa mlango, alikuwa Futi, bega lake moja limejaa vumbi la rangi ya mbao, mdomo wazi.

Dunia haikupasuka. Hakuna aliyesema Kushoto wameshindwa. Watu walipiga makofi.

Saa nane walipowafungulia watu wa ukumbini, Futi alikuja jikoni moja kwa moja. Meneja alikuwa anamtafuta ili ampe mkono, kwa sababu kila mtu alisema ile ndiyo picha nzuri kuliko zote, lakini yeye hakumngoja. Alisimama mbele yangu.

"Ishirini na mbili," akasema. "Amezitembea zote yeye. Umeona?"

"Nimeona."

"Vua aproni, dada. Twende kwa kaka."

Kwa miaka kumi na moja sikuwa nimemsikia akisema "kaka". Nilivua aproni kwa furaha. Nilisema moyoni, afadhali, sasa amelegea mwenyewe, sasa nitawafungulia wote wawili. Njiani alikuwa anatembea mbele yangu karibu anakimbia, na hakuhesabu. Najua hakuhesabu kwa sababu alikuwa anaongea njia nzima, atamwambia nini, ataanzaje.

Tulipokata kona tuliona viti vimetolewa nje. Viti vya aina mbalimbali, vya majirani, vimepangwa hovyo kwenye mchanga. Futi alisimama akavitazama vile viti, akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, "Kuna nini?"

Wifi yangu, mke wa Redio, alitoka akamkumbatia yeye kwanza, kabla yangu. "Ametuacha saa sita na nusu," akasema. "Alikuwa anasikiliza mkutano wenu kwenye redio. Mtangazaji aliposema mlango umegoma, alicheka, shemeji, alicheka sana. Akasema, huyo ni mdogo wangu yuko kazini. Kisha akasema amechoka, nimshushe mito."

Ilikuwa ile redio ya mama, yenye kitufe kikubwa. Ilikuwa bado inaongea chumbani, hakuna aliyekumbuka kuizima. Futi aliizima yeye. Kisha akakaa chini sakafuni karibu na kitanda, mtu asiyekalia kiti bila kukitazama miguu, akalia mpaka majirani wakamtoa.

Miaka sita sasa. Futi amestaafu. Kila Jumamosi saa nne alikuwa akija kwangu kunywa chai, siku ile ile, saa ile ile tuliyokuwa tumepanga, na mimi nilikuwa namsikiliza. Na kila Jumamosi, akishamaliza kikombe cha kwanza, alisema jambo lile lile. "Angelegeza kidogo tu, dada. Neno moja tu. Ningeuvunja ule mlango nikaja. Lakini kaka alikuwa jeuri." Na mimi nilimwongezea chai. Jumamosi baada ya Jumamosi, namwachia marehemu abebe jeuri ambayo alishaitua, na mimi namwongezea chai. Nikiondoka kwenda jikoni nilikuwa najishika kinywa.

Miezi miwili iliyopita wifi alihamia kwa wanawe, akasafisha nyumba, akamtumia Futi lile koti. Jumamosi akaja nalo. Alilitandaza kwenye kochi langu, akalipapasa kola. Nondo walikuwa wamelila mkono mmoja.

"Hata hili hakunisamehe," akasema. "Amekufa nalo moyoni."

Hapo sikuweza. "Alikusamehe," nikasema.

"Usinipoze, mimi si mtoto."

"Alikusamehe, kaka. Alifuta masharti yote. Alisema uje hata siku ile ile. Alinituma mimi."

"Lini?"

"Alhamisi."

"Alhamisi ipi?"

Akanitazama mpaka akaelewa. Kisha akafanya kile ambacho bado nakiona nikifumba macho, alikunja vidole kimoja kimoja, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alilikunja koti vizuri, pembe kwa pembe, akalichukua, akatoka. Kikombe chake kilikuwa bado kimejaa.

Jumamosi iliyofuata nilipika chai nikangoja. Hakuja. Nikasema ana hasira, ni haki yake, zitapoa. Jumamosi ya pili nikangoja. Ya tatu nikampigia simu mkewe. Mkewe akasema, "Anasema kama unamtaka, unajua anapokaa." Nami, mjinga wa wajinga, nikajibu hapo hapo, "Mwambie na kwangu panajulikana. Nimeshasema ukweli, mimi wangu nimemaliza. Sasa ni zamu yake." Nikakata simu nikajiona nina haki. Ya nne nikangoja. Ya tano, yaani juzi, nilikuwa nimekaa na vikombe viwili mezani, na nikajikuta navisogeza, hiki kidogo huku, kile kidogo kule, ili vilingane toka ukingo wa meza.

Vidole vinne. Nilivitazama vidole vyangu nikaona haya peke yangu.

Sikubadilisha nguo wala sikuzima jiko vizuri, ilibidi jirani aje azime. Nilivaa viatu nikaenda. Miguu yangu nayo siku hizi inavimba jioni, lakini ilikuwa asubuhi. Nilimkuta kwenye kibaraza chake anagonga mguu wa stuli. Aliinua macho, akarudisha kwenye stuli.

"Nani amekutuma?" akauliza.

"Hakuna. Nimekuja mwenyewe."

Akagonga msumari mara mbili, tatu. Mkono wake umezeeka. "Ungeniambia ile Ijumaa," akasema bila kunitazama, "ningemkuta."

Nilikuwa na maneno mengi tayari, ya kazi, ya mlango, ya kufungiwa, ya kutaka asiwepo wa kushindwa. Nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Yote yalikuwa maneno ya balozi.

"Ndiyo, kaka," nikasema. "Ungemkuta."

Aliweka nyundo chini. Alisimama, akaingia ndani. Hakuniambia karibu. Niliingia hivyo hivyo.